Mjadala: Queen walikosea na Hot Space, au masikio yetu ndiyo magumu?

Wa Vuga:
Jana barazani palizuka zogo, nalileta hapa lisije likanilalia moyoni. Kijana mmoja kaweka Hot Space kwenye simu. Mzee wetu, anayewasikiliza Queen tangu ujana wake, akamkatisha: "Zima hiyo. Hapo ndipo walipoharibikiwa."

Kwa asiyeijua, ni albamu ya 1982 ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Bendi iliyojengwa juu ya gitaa la Brian May ikatoka na disko: mashine ya ngoma, sinthesaiza na tarumbeta. Mashabiki wakanuna, wahakiki wakaiponda, Marekani ikakwamia namba 22.

Miye nasema walionewa. 1980 hao hao Wamarekani waliipandisha "Another One Bites the Dust" hadi namba moja, wimbo ambao uti wake ni besi ya John Deacon, ukiusikia tu miguu haitulii. Ila kumbukeni, Julai 1979 kule Chicago watu walishalipua sahani za disko uwanjani. Chuki ilikuwepo, Queen wakaivaa kichwa kichwa.

Mla Urojo:
Kaka, ule ulikuwa wimbo mmoja, huu ni upande mzima wa sahani! Kaseti yake ninayo. Kwenye "Body Language" gitaa unalitafuta kwa tochi. Geuza upande wa pili, "Las Palabras de Amor", halafu "Under Pressure" na David Bowie, ndipo unapowakuta wenyewe. Na hiyo ya Bowie ilishatoka 1981, yaani kilichowasitiri ni kiporo cha mwaka uliopita. Wenyewe walijua, ndiyo maana 1984 wakarudi kwenye njia yao na The Works.

Wa Vuga:
The Works inafunguliwa na "Radio Ga Ga", mwenzangu. Hiyo nayo si sinthesaiza?

Msema Kweli:
Kwani huyo Freddie Mercury, mwimbaji wao, ni wetu? Kazaliwa hapa Zanzibar 1946, familia ikaondoka 1964, basi. Tunagombania harusi isiyo yetu.

Binti wa Wete:
Shekhe, kama huna la kusema juu ya muziki, kunywa chai yako.

Maneno ya mzee huyo nimeyasikia kwa bibi yangu kuhusu rusha roho. Taarabu aliyoijua yeye, ya Ikhwani Safaa waliopo tangu 1905, ni ya kukaa na kusikiliza. Unainuka kwenda kutuza, unarudi kitini. Miaka ya 90 wakaja East African Melody na vinanda vyao vya umeme, watu wakasimama kucheza, wazee wakasema taarabu imekufa. Haikufa. Lakini bibi ana hoja moja sijaweza kumjibu: fidla zikiwa nne, kila moja inachelewa kidogo kwa namna yake, na utamu uko hapo hapo. Kinanda hakichelewi.

Mkono wa Dumbaki:
Da Binti, bibi yako fundi. Sasa mtafute "Staying Power" walivyoipiga jukwaani Milton Keynes, Uingereza, Juni 1982. Zile tarumbeta hakuna. Roger Taylor yuko kwenye ngoma zake mwenyewe, Deacon kaiweka besi kashika gitaa. Wimbo ni ule ule, ila huku unang'ata. Studio waliuvalisha nguo nyepesi mno. Kwenda kwenye dansi haikuwa kosa. Kosa ni kumpa likizo mpiga ngoma wakati muziki wa dansi wote unaning'inia kwake.

Mla Urojo:
Nimeisikiliza mara mbili. Nakubali nusu. "Body Language" hata wapigiwe na beni nzima siitaki.

Wa Vuga:
Nimempelekea mzee ile ya Milton Keynes. Kasikiliza mpaka mwisho, kidole kinagonga mkongojo. Kisha kasema: "Hii niachie. Ile ya jana usiniletee tena."