Mbwa kwa mzee anayeishi peke yake: kweli husaidia afya?

Njoro_2: Hamjambo wakuu. Mzee wa miaka 70, ana presha na anaishi peke yake hapa Njoro. Mbwa atamfaa au ni mzigo?

Daktari wa mifugo, Kisumu: Atamfaa, mradi wazoeane. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kuwa mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni, oksitosini, ile homoni ya mama na mtoto, hupanda kwa wote wawili. Lakini mbwa wa kufungwa mnyororo nyuma ya nyumba hampi mzee chochote! Amlishe kwa mkono wake, saa ileile kila siku. Amkune kifuani na nyuma ya masikio. Mkono unaoshuka kichwani huwatisha wengi. Mbwa akijilamba midomo na kugeuza uso, amechoka, mzee amwache.

Bondo_kwetu: Dawa za presha asiache hata kidogo. Atembee naye dakika 30, mara 5 kwa wiki. Achukue mbwa mtulivu wa miaka 3 hivi, kitoto kitamrukia kimwangushe.

Daktari wa mifugo, Kisumu: Sawa kabisa. Chanjo ya kichaa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Matumbo na maini mabichi ya mbuzi asipewe, humletea minyoo ambayo mayai yake humfanya mtu aote uvimbe wa maji kwenye ini. Akiuma, hata mkwaruzo tu: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo.

Njoro_2: Asante sana daktari.