Sproketi moja mbele: kishika cheni ni lazima?

Mteremko_Wete
Assalaam alaykum. Baiskeli ya milimani ya mtumba, sproketi moja mbele ya meno 32, gia 11 nyuma, shoki mbele tu. Njia ni Konde mpaka msitu wa Ngezi. Ikishuka kwenye mizizi cheni inatoka, takriban kila mara upande wa fremu. Fundi kashauri kishika cheni, kile kifaa cha kuzuia cheni isiruke kwenye sproketi (gurudumu la meno la mbele). Ninunue?

Spoku32
Waalaykum salaam. Usitoe pesa bado. Itazame sproketi yenyewe kwa karibu. Iliyoundwa kufanya kazi peke yake ina jino nene, jino jembamba, nene, jembamba, kwa kupishana. Nene linajaza nafasi ya pingili ya nje, jembamba la ndani, ndiyo maana idadi ya meno huwa shufwa. Sasa kuna mitumba iliyokuwa na sproketi tatu, mtu kaondoa mbili akaacha ya kati. Ya kati ina vipini vidogo ubavuni na baadhi ya meno yamekatwa mafupi makusudi, ili cheni ihame kirahisi. Kazi yake ni kuiachia cheni!

Chumvi_na_Mafuta
Na klachi je, ile inayoukaza mkono wa gia wa nyuma ili cheni isirukeruke? Kwenye Shimano ni kile kiswichi kidogo cha ON na OFF kwenye mkono wa gia wa nyuma. Watu hukizima wakitoa gurudumu, wakasahau. Kiwashe, kisha sukuma kwa kidole kile kizimba chenye vigurudumu viwili kuelekea mbele: kinatakiwa kikatae. Kikienda laini vilevile, klachi imelegea au chumvi imeshaila. SRAM yenye klachi haina swichi, hukaza muda wote.

Gia_Chini
Mie nasema weka tu kishika cha upande wa juu wa sproketi. Chepesi, na roho inatulia.

Spoku32
Sikatai kwa anayeshuka kasi kwenye mawe. Lakini kishika kinaficha ugonjwa: cheni ndefu au iliyovutika itaendelea kutafuna meno chini yake. Urefu hupimwa hivi: zungusha cheni kwenye sproketi ya mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, ikutane, ongeza pingili 2. Uchakavu: pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8. Ikipita 306, kwa gia 11 itupe.

Mteremko_Wete
Nimetazama. Vipini vipo ubavuni, vinne. Klachi inakaza vizuri.

Spoku32
Basi jibu umelipata: hiyo ni ile ya kati, ibadilishe. Pima kati ya bolti mbili zinazotazamana, katikati kwa katikati. Ikiwa bolti 4 na kipimo ni milimita 104, sproketi ya meno mapana kwa membamba ya 32 hupatikana bila tabu. Nunua na bolti fupi za sproketi moja, zile za zamani zitafika mwisho kabla hazijabana. Ukivisha cheni, pingili ya nje ikae juu ya jino nene. Ukikosea kwa jino moja, cheni itaelea juu ya meno na utaiona.

Chumvi_na_Mafuta
Ikitoka tena baada ya hapo ndipo ununue kishika. Kwanza tazama kama fremu ina matundu matatu kuzunguka beringi ya kranki. Hayapo, chukua cha kubana bomba la kiti, na upime kipenyo: milimita 31.8 na 34.9 havibadilishani. Kisiguse cheni ukiwa gia ndogo kabisa wala kubwa kabisa.