Mrejesho: mzee na ile roboti ya mkono

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama inafaa tuuze kiwanja tumpeleke mzee India akafanyishwe mazoezi ya mkono kwa roboti, maana kiharusi kilimwacha mkono wa kulia umelala.

Basi mtu wake wa fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) akanikalisha chini, kumbe Uingereza walishalipima hili, utafiti unaitwa RATULS wa 2019, wagonjwa 770, roboti ni ile MIT-Manus unashika mpini inakuongoza mkono huku unacheza gemu kwenye skrini, na waliotumia roboti hawakuwazidi wa tiba ya kawaida kwenye kuutumia mkono. Miguu ni habari nyingine kidogo, mashine kama Lokomat inakuning'iniza kwa mikanda huku inakutembeza, inasaidia hasa asiyeweza kutembea kabisa na yuko miezi 3 ya mwanzo, tena iende pamoja na fizio. Mzee wetu anatembea mwenyewe (na kugomba anagomba vizuri tu) kwa hiyo haimhusu.

Kiwanja hatujauza. Anafanyia mazoezi nyumbani, kushika kikombe, kufunga vifungo, vidole vimeanza kukunjuka ila gumba bado gumu. Braza bado anang'ang'ania India, tunabishana kwenye grupu la familia.