Gari ya umeme imelala kwenye maji ya chumvi na bado inawaka, niichaji?

mkaa_tampa
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Tampa, Florida, juzi kimbunga Helene kimepita maji ya bahari yakaingia mpaka ndani, gari yangu ya umeme ikakaa kwenye maji usawa wa mlango kama masaa manne. Sasa pamekauka, nimeijaribu inawaka kama kawaida, skrini fresh, hamna taa ya onyo. Wife anataka iondoke nyumbani leo leo, mi nataka niichaji usiku kesho niende job. Kuna aliyewahi kukutwa na hii?

chizi_ubungo
Iweke kwenye mchele kama simu, magunia saba yanatosha 😂

fundi_volti
Msikilize mkeo. "Inawaka" ya leo isije ikawa inawaka kweli. Ishu sio maji ni chumvi, maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri sana, yakipenya kwenye boksi la betri yanaanza kuunganisha chanya na hasi, halafu yakikauka chumvi inabaki mle ndani na kutu inakula viungio taratibu, siku ikipiga shoti seli moja inachemka inachoma ya jirani nayo inachoma nyingine, hapo kuzima ni shughuli. Ndo maana inaweza kukaa poa wiki nzima halafu ikaja kulipuka. Usiichaji, usiiendeshe, ita brekdauni ile ya kubeba gari zima maana matairi yakizunguka mota inazalisha umeme.

bishoo255
Mnamtisha bure, betri zimezibwa hizo, zina IP67, kile kiwango cha kuzuia maji. Story za watu wa mafuta.

fundi_volti
IP67 ni mita moja, nusu saa, na wanapima kwa maji yasiyo na chumvi sio ya bahari. Yeye kasema masaa manne. Ila nakupa haki yako, magari mengi yaliyolowa hayaungui, kimbunga Ian cha 2022 kilikumba maelfu ya magari ya umeme na NHTSA, wakala wa usalama barabarani wa Marekani, walihesabu kama 36 yaliyoshika moto. Ila hayo machache pale kisiwani Sanibel yaliondoka na nyumba zilizokuwa zimepona kimbunga.

dada_wa_jersey
Huku kwetu kimbunga Sandy cha 2012 gari 16 za Fisker Karma, zile za umeme na petroli, ziliteketea bandarini Newark, zimepaki tu hakuna anayechaji. Kampuni ikasema sio betri kubwa, chumvi ilipiga shoti kwenye mfumo mdogo wa volti 12 na upepo ukasambaza moto. Kwa hiyo hata kale kabetri kadogo usikadharau.

mkaa_tampa
Basi yameisha, imebebwa asubuhi. Wamesema ikae futi 50 toka kwenye jengo lolote, uwanja wangu wote haufiki hizo, saa hizi ipo katikati ya parking ya kanisa na mchungaji ananipigia simu kila baada ya saa moja kuuliza bima watakuja lini.