Nikitoka kanisani narudi na hofu kuliko niliyoingia nayo, naombeni ushauri

Mchovu_Dom: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mdada wa miaka 38, kazi ilinihamishia huku Dodoma kutoka Dar, naishi Nkuhungu na mwanangu mmoja. Mwanzo sikuwa na mtu kabisa, wikiendi nalala tu nahesabu mabati, mpaka jirani akanipeleka kwenye kanisa lao. Nisiwe mwongo, lilinisaidia sana. Mkesha wa kwanza nilirudi nimelowa mvua chapachapa na nikalala usingizi ambao sikuupata toka mama afariki. Mtoto akiumwa wanakuja na uji, nisipoonekana wanakwaya wananipigia. Sasa siku hizi nikisikia tu vyombo vinaanza kupigwa moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, nikirudi nyumbani silali. Jumapili hii nina jambo pale mbele na natamani hata niumwe nisiende. Je niongeze maombi au nipumzike kanisa kidogo? Matusi sitaki.

Mzee wa Zuzu: Hilo ni pepo la hofu, funga siku tatu. Halafu "kupumzika kanisa" ndo nini, kwani ni likizo ya mwaka hiyo?

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Ila hapo kwenye "nina jambo pale mbele" umepita mbio kama mtu anayepita dukani anakodaiwa. Jambo gani?

Mkulima wa Zabibu: Mimi ngoja niseme yangu. Kuna msimu shamba langu la Hombolo lilikauka lote na mkopo unanisubiri, nikawa silali, sili, naongea peke yangu. Watu wa jumuiya wakaja kusali rozari, nikawaambia sitaki kusali, wakasema sawa tutakaa tu. Wakakaa. Kesho yake wawili wakarudi na mikasi tukapogoa mizabibu iliyobaki. Mpaka leo sijui nilipona kwa rozari au kwa kupogolewa, na wala sitaki kujua.

Mchovu_Dom: @Mama Wawili sawa nasema. Nina kisukari toka 2021. Mwezi wa nne niliombewa, asubuhi nikapima nikakuta 5.8 wakati mimi nimezoea 11, 12. Nikasimama mbele nikashuhudia kwamba nimepona, watu walilia, mpaka leo wananiita Dada Muujiza. Nikaacha vidonge. Wiki tatu tu ikapanda, nikarudia kumeza kimyakimya, navificha kwenye kopo la majani ya chai. Jumapili wanakuja wageni na mimi nimepangwa kushuhudia tena. Lakini sikudanganya jamani, namba niliiona kwa macho yangu.

Mama Wawili: Kabla ya hiyo 5.8 mlikuwa mmefunga siku ngapi? Na dawa ulikuwa umeshaacha?

Mchovu_Dom: Siku 7. Mchana hatuli, jioni uji mwepesi usio na sukari. Dawa nilikuwa bado nameza. Lakini Mungu anashindwa nini kutumia hata hivyo?

Mama Wawili: Hashindwi. Na leo umemeza?

Ustadhi wa Majengo: Dada, bedui alimuuliza Mtume amfunge ngamia au amwache amtegemee Mungu, akaambiwa mfunge kwanza kisha tegemea. Hizo dawa ni kamba.

Kijana wa Ipagala: Na Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Angekuwa anaishi Dodoma asingehitaji hata kuandikiwa barua 😂

Mkulima wa Zabibu: Wewe acha utani na zao letu. Mwaka 2011 nilimpeleka mama Samunge kule Loliondo kwenye kikombe cha Babu, shilingi 500, foleni ya magari usipime, tulilala njiani. Mama alikunywa kikombe na vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye kanga, alimeza palepale foleni. Yupo mpaka leo anagombana na kuku.

Mama Wawili: @Mchovu_Dom nimeuliza, leo umemeza?

Mchovu_Dom: Nimeacha toka Jumatatu ya wiki iliyopita. Msinishambulie tafadhali. Nimeona siwezi kusimama pale mbele huku nimemeza kidonge asubuhi, bora niache ili ushuhuda uwe wa kweli. Nimefikiria sana sio kwamba nimekurupuka. Ni kiu tu na kuamka usiku kwenda chooni, na macho kama yana ukungu. Jana nilitaka kupima ila kipimo kikagoma kikaandika HI, nadhani betri.

Mpita Njia: Hii ni chai, tena imezidi sukari. Nanenane tumemaliza juzi, vumbi la Nzuguni bado lipo puani, yeye analowa mvua Nkuhungu? Mvua ya wapi hiyo? Mtu yupo Dar anatunga mambo ya Dodoma.

Kijana wa Ipagala: Na kipimo kinamsalimia "hi" 😂😂

Mzee wa Zuzu: Nilijua toka mwanzo. Dada Muujiza! Wasiopenda makanisa wanatuletea hadithi.

Mkulima wa Zabibu: Kasema mkesha wa KWANZA nyie. Kwani mwezi wa tatu huku hainyeshi?

Mchovu_Dom: Ilikuwa Machi kaka. Ningejua nitaambiwa natunga nisingeandika.

Nesi Mstaafu: Awe anatunga au hatungi mimi najibu. HI sio betri. Sukari imepanda mpaka mashine haiwezi kuisoma. Na hiyo kiu, mkojo na ukungu wa macho vinasema hivyohivyo. Usisubiri kesho, nenda hospitali SASA HIVI, usiende peke yako. Na hayo ya ushuhuda, soma Luka 17, wale wakoma kumi waliambiwa nendeni mkajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa wakikagua ngozi. Hata wao walitumwa kukaguliwa.

Mpita Njia: Kama ni kweli basi nisamehe dada. Ila weka picha ya kipimo.

Mama Wawili: Picha ya nini wewe! Mchovu, upo?

Mama Wawili: Mchovu?

Mchovu_Dom: Nipo. Bajaji iko nje. Mtoto nimemwacha kwa jirani, yuleyule aliyenipeleka kanisani, nimemwambia nafuata gesi. Nesi najua umesema nisiende peke yangu ila sina wa kumwambia. Ya Jumapili bado sijajua, maana jina langu limeshatangazwa.

Nesi Mstaafu: Mwambie huyo jirani ukweli na apande bajaji na wewe. Gesi haifuatwi saa tatu usiku.