Picha ya maandamano: msimamo wangu uonekane wapi?

Kamera ya Pwani (Mombasa)

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Mwezi Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, nilitembea nao hapa Mombasa nikiwa na kamera, na sasa nimechagua picha ishirini ninazotaka kuzitundika. Mojawapo inaninyima usingizi: msichana ameinua bendera ndogo ya taifa kwa mkono mmoja na chupa tupu ya maji kwa mkono wa pili, huku moshi wa vitoa machozi ukimjia kwa nyuma. Mwenye ukumbi mmoja amekubali kunipa kuta zake kwa sharti kwamba niiondoe picha hiyo na nifute kila maelezo yanayoutaja mswada, ati maonyesho yawe "ya sanaa tu". Naomba ushauri wenu: msimamo wangu niuandike waziwazi chini ya picha, au niiachie picha iseme yenyewe?

Mwalimu wa Sanaa (Morogoro)

Ndugu Kamera, kwanza ukumbi si lazima. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walizipeleka picha barabarani mwaka 2009 katika maonyesho ya Picha Mtaani, wakizunguka nazo mji hadi mji, na mpita njia akajikuta anatazama nyumba zinazoungua katika mitaa anayoijua. Pale hapakuwa na mwenye kuta wa kuweka masharti.

Hata hivyo, usichanganye picha na mchoro. Wanasiasa walipochorwa kwenye kuta za Nairobi mwaka 2012 wakiwa tai wala mizoga, tusi lile lilitoka katika mkono wa mchoraji na hakuna raia aliyeazimwa sura yake ili lisemwe. Wewe umeazima uso wa binti wa watu, na kabla ya kuuliza msimamo wako uonekane wapi, uliza wake ni upi.

Bi Mkubwa wa Darajani (Unguja)

Mwanangu, nimeuza kanga miaka mingi, na kuhusu maandishi nina neno. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na jina halielezi maua yaliyo katikati. Ukiandika "Hasidi hana sababu" chini ya mikorosho, hakuna anayeuliza mikorosho imemhusudu nani. Jirani anayehusika anajua, na mvaaji akiulizwa atajibu kwamba amevaa kanga tu. Maelezo yako yawe hivyo hivyo: andika mahali, tarehe na jambo moja ambalo jicho haliwezi kulipata pichani, kwa mfano kwamba mswada ule uliondolewa siku moja tu baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25. Ukiongeza "huu ni udhalimu", umemnyang'anya mtazamaji kazi yake.

Mhariri Mstaafu (Nairobi)

Ninakubaliana na Bi Mkubwa kuhusu maandishi, lakini hoja ya Mwalimu ndiyo nzito zaidi. Tarehe 16 Juni 1976 huko Soweto, Afrika Kusini, mpiga picha wa gazeti Sam Nzima alimpiga picha Mbuyisa Makhubo akiwa amembeba mtoto Hector Pieterson aliyepigwa risasi. Picha ile iliuonyesha ulimwengu ubaguzi wa rangi ulivyokuwa, na Nzima mwenyewe aliandamwa na polisi hadi akaiacha kazi na kurudi kwao kijijini. Mbuyisa, ambaye hakuwa amefanya lolote zaidi ya kubeba mtoto, alikimbilia uhamishoni, na barua ya mwisho ambayo mama yake aliipokea ilitoka Nijeria mwaka 1978. Hata hapa kwetu, mchoraji wa katuni za vivuli alitoweka Desemba 2024 na kuonekana tena mwezi uliofuata.

Kwa hiyo mtafute msichana huyo, umpe picha iliyochapishwa aishike mkononi, kwa sababu kwenye simu watu hukubali haraka mno. Ukiiweka mtandaoni, ondoa taarifa za mahali na saa zilizomo ndani ya faili. Akikataa, iweke kabatini. Miaka kumi kwa picha si mingi.

Kamera ya Pwani (Mombasa)

Ahsanteni sana. Nimempata kupitia muuza maji aliyekuwa karibu naye siku ile. Aliishika picha kwa muda mrefu, akasema uso wake nitundike ila jina lake nisiliandike. Kisha akaweka kidole pembeni kabisa, juu ya mwanamume mwenye mfuko wa sokoni ambaye mimi, kwa miezi yote niliyoitazama picha hii, sikuwahi kumtilia maanani. Ni mjomba wake, mwajiriwa wa serikali, alikuwa anapita tu akielekea nyumbani. Nikimkata, nusu ya moshi inaondoka naye na picha inapoa. Nimemkata. Kuhusu maonyesho, fundi seremala wa mtaani kwetu ameniahidi fremu za kuegemeza ukutani nje ya karakana yake.