Tupeane uzoefu: Paka mtoto anayejisaidia kila mahali isipokuwa kwenye mchanga

Mpangaji_Sinza: Wakuu, habari za jioni. Wiki mbili zilizopita nilichukua vitoto viwili vya paka, dume na jike, kwa mama anayeuza mkaa hapa mtaani. Mama yao aliwazalia humo humo stoo. Sasa wana kama wiki nane. Mimi nakaa chumba na sebule, ghorofa ya pili, udongo hakuna, kwa hiyo niliwawekea beseni la mchanga wa ujenzi jikoni. Jike alielewa siku ile ile. Dume anaunusa, anaupekua kidogo, halafu anakwenda zake chini ya kitanda kumalizia kwenye viatu. Jumanne ilikuwa zamu ya mfuko wa mkaa. Jana usiku, godoro. Shuka nimefua mara nne wiki hii. Waliopitia haya walifanyaje?

Shangazi_Tanga: Pole mwanangu. Ukingo wa hilo beseni una urefu gani? Wangu alikuwa anafika, anasimama kwa miguu ya nyuma, anachungulia ndani, anaghairi. Mimi nilidhani ni jeuri, kumbe hafiki! Nikachukua ndoo ya rangi ya lita ishirini, nikaikata upande mmoja mpaka ukingo ukabaki vidole vinne, nikausugua msasa usimchane tumbo. Siku hiyo hiyo akaingia. Halafu jifunze saa zake: akiamka tu, na akimaliza kula, mbebe ukamweke mchangani. Usimshike kiganja ukamchimbisha, atachukia. Chimba wewe kwa kijiti, yeye asikie ile sauti.

Mzee_Kijana: Mnawadekeza. Mimi wangu nilimsugua pua kwenye mkojo wake mara mbili tu, akaacha.

Bibi_Mifugo: Hakuacha, kaka. Alijifunza kutojisaidia mbele yako. Subiri siku utakayosogeza makabati.

Mzee_Kijana: Tulihama mwezi wa tatu. Naomba tuendelee na mada.

Kibaraza_Mombasa: Mie kosa langu lilikuwa kwenye usafi. Akikojoa sakafuni namwagia dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, tena bila kuichanganya na maji. Siku moja nimeinama nasugua, macho yakaanza kuchoma, kifua kikabana, nikatoka mbio hadi barazani. Mkojo una amonia, ukikutana na klorini mnatoka hewa ya sumu. Na paka kesho alirudi pale pale! Sasa nakausha kwanza kwa kitambaa, kukandamiza tu bila kusugua, kisha siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, naacha robo saa, nasuuza. Godoro lilikaa juani siku mbili na majirani wakiuliza nani kikojozi nyumbani kwangu.

Bibi_Mifugo: Nirudi kwa mwenye mada, nina manne. Moja, kinyesi kikoje? Kama ni majimaji, tatizo huenda ni minyoo au maziwa ya ng'ombe mnayompa, na hapo hata beseni la dhahabu halitasaidia. Mbili, dume akikaa mkao wa kukojoa tena na tena na hakitoki kitu, usingoje asubuhi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mkojo ukiziba unaua. Tatu, ule mchanga wa dukani unaoganda ukilowa usimpe akiwa mdogo hivi, maana huuonja. Nne, kama kuna mjamzito ndani, mchanga autoe mtu mwingine, na utolewe kila siku. Vimelea vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi cha paka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ukiwahi kuzoa umevikata njiani. Halafu hapo jikoni, beseni liko mbali kiasi gani na sahani yao?

Mpangaji_Sinza: Vimegusana, mama. Jiko lenyewe ni hatua tatu.

Bibi_Mifugo: Wewe ungekula chooni? Tenganisha. Na paka wawili huwekewa vyoo vitatu. Kwa chumba na sebule, ukiweka viwili nitakusamehe.

Fundi_Randa: Jamani, hakuna aliyesoma alichoandika? Kazaliwa stoo ya mkaa, na juzi kajisaidia kwenye mfuko wa mkaa. Paka hushika mapema kile alichozoea kukanyaga wakati wa haja. Mimi niliokota mmoja hapa karakana, nyumbani akakataa mchanga katakata mpaka nilipomletea maranda. Chukua chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia, mwagia juu ya mchanga. Kila siku punguza kidogo.

Unguja_Uani: Sisi huku paka anafunguliwa mlango tu, mambo yote huko huko uani. Nasoma hapa kama hadithi.

Mpangaji_Sinza: Wakuu, leo siku ya tisa. Beseni nimeliacha, nimekata ndoo mbili kama alivyosema Shangazi, moja sebuleni pembeni, nyingine koridoni kuelekea bafuni. Chenga nimepewa bure na yule mama, alicheka sana. Siku ya kwanza dume alizunguka ndoo, akaingia, akachimba mpaka sakafu yote ikawa nyeusi, akakaa. Nilishika pumzi nyuma ya pazia. Akafukia vizuri kabisa, akatoka, akapanda kitandani na miguu ile ile ya mkaa. Tangu hapo ajali ni moja tu, na kosa lilikuwa langu, nilifunga mlango wa sebule usiku. Chenga nimeshapunguza nusu. Sasa kesi ni ya jike, yule mwerevu. Amegundua tundu la maji machafu pale bafuni, anachuchumaa juu yake anakojoa, mchanga hautaki tena. Namwaga maji ndoo moja, basi. Nimrudishe mchangani, au nimwache?

Shangazi_Tanga: Mwache! Huyo amekupunguzia kazi.